Kadi za Pittsburgh Pirates: seti za timu, mchezaji mmoja, kila aliyevaa jezi, au saini?

Kadi ya kwanza hununuliwa kwa mapenzi, na ya kumi vilevile. Ikifika ya hamsini, mezani kuna akina Andrew McCutchen watatu wanaofanana, Barry Bonds wa 1987 mwenye fremu ya rangi ya mbao, Willie Stargell mmoja aliyekunjika pembe, na pakiti nne zilizochanwa kumtafuta Paul Skenes asionekane. Hapo mpenzi wa Pirates, timu ya besiboli ya Pittsburgh, Marekani, hukwama: aendelee kununua kila kinachompendeza, au achague njia?

Pirates wamo tangu 1887 katika Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, na wametwaa World Series, fainali ya ubingwa, mara 5: 1909, 1925, 1960, 1971 na 1979. Historia ya urefu huo haikusanyiki yote. Wakusanyaji wa timu hii, kama wa timu nyingine za besiboli, hufuata mojawapo ya njia nne: seti ya timu ya kila mwaka, mchezaji mmoja, kadi moja kwa kila aliyewahi kuvaa jezi, au saini.

Vigezo vya kulinganishia

Kizito kuliko vyote ni mwisho wa orodha. Je, unaweza kuketi leo na kuandika majina na namba za kadi zote unazozitaka, ukapiga mstari chini? Njia yenye mstari huo hukupa subira ya kungoja bei nzuri. Isiyo nao hukufanya mteja wa kila pakiti mpya inayotoka.

Vingine ni hivi: fedha, na zinauma wapi (kwenye kadi moja ghali, au kidogokidogo kwenye kadi elfu), upatikanaji, uhifadhi, mambo yanayoharibika, zikiwemo kadi bandia, na mwisho, njia hiyo inamfaa nani.

Istilahi mbili tu kabla ya kuanza. Kadi ya mwanzo ni ile ya kwanza ya mchezaji katika seti kubwa za ligi kuu. Tangu 2006 huwekwa alama ya RC. Daraja ni alama ya 1 hadi 10 ambayo kampuni kama PSA, SGC na Beckett huipa kadi kulingana na hali yake, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki.

Njia ya kwanza: seti ya timu kwa kila mwaka

*Orodha.* Topps, kampuni ya kuchapa kadi, wametoa seti kubwa kila mwaka tangu 1952, na katika kila moja Pirates huwa na kadi 20 hadi 35 hivi. Ukichukua wastani wa 27, kazi yote kuanzia 1952 hadi leo inakaribia kadi 2,000. Ni nyingi, lakini zinahesabika, na kila mwaka ni kazi ndogo inayokamilika peke yake. Hapo ndipo utamu wa njia hii ulipo: mwezi huu unafunga 1979, mwezi ujao 1984.

Orodha huvurugika pembeni tu. Je, kadi ya viongozi wa takwimu yenye nyuso tatu, mmoja wa Pirates na wawili wa timu nyingine, inahesabika? Na kadi za mechi za World Series katika Topps ya 1961 na ya 1972? Na seti za nyongeza za mwisho wa msimu, kama Topps Traded ya 1986 iliyo na Bonds, namba 11T? Amua kabla ya kununua na uandike. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni hii: mchezaji mwenye kadi yake peke yake, meneja, kadi ya timu, na kadi za chipukizi hata zikiwa na sura nne. Viongozi wa takwimu waachie wengine.

*Fedha.* Miaka haiko sawa hata kidogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990, viwanda vilichapa kadi kupita kiasi, kwa hiyo seti nzima ya Pirates ya 1988 inaweza kukugharimu chini ya nauli ya kuisafirisha. Miaka ya 1974 hadi 1980 bado ni nafuu. Maumivu huanza ukivuka 1973 kurudi nyuma.

Sababu ni jinsi zilivyochapwa. Hadi 1973 Topps hawakutoa kadi zote kwa pamoja. Walizitoa kwa mafungu kuanzia masika hadi mwisho wa kiangazi. Fungu la mwisho lilipofika madukani, watoto walikuwa wameshahamia kwenye futiboli ya Kimarekani na wenye maduka waliagiza kidogo. Ndiyo maana namba kubwa huwa adimu, hata kama mchezaji mwenyewe hana jina. Kwa Pirates, mzigo huo umeangukia pabaya: Dick Groat wa 1952 ni namba 369, na lile fungu la juu la 1952 ndilo ambalo masalia yake, miaka kama minane baadaye, Sy Berger wa Topps aliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga baharini. Stargell wa 1963, kadi yake ya mwanzo, ni namba 553. Maury Wills wa 1967 ni namba 570. Hiyo ndiyo kadi yake ya kwanza ya Topps, na amevaa jezi ya Pirates ingawa sifa zake alizipatia Dodgers.

*Upatikanaji.* Tafuta loti (kadi nyingi zinazouzwa kwa pamoja) ya timu ya mwaka mzima kwenye eBay, au nenda kwenye maonyesho ya kadi ukapekue masanduku ya kadi za kawaida. Mtego wa loti ni kwamba muuzaji huandika "seti ya timu" akiwa amekwisha kunyofoa nyota na namba kubwa. Mwombe namba za kadi zilizomo, uzilinganishe na orodha ya tovuti ya Trading Card Database kabla ya kulipa. Na anza na kadi ngumu kuliko zote za mwaka husika, usiiache mwisho. Ukishakuwa na 26 kati ya 27, hamu itakufanya ulipe bei yoyote. Ukiwa huna hata moja, unaweza kungoja.

Kwa msimu wa sasa mambo ni mepesi. Topps hutoa Series 1, Series 2 na Update, na pia huuza pakiti ya timu moja yenye kadi kama 17. Pakiti hiyo ni zawadi nzuri kwa mtoto, ila haijazi seti: wachezaji wengine watakuwa kwenye Series 2 na Update pekee, na namba za nyuma ya kadi hizo hazifuati seti kubwa.

*Uhifadhi.* Tangu 1957 kadi za Topps zina kipimo kimoja, sentimita 6.4 kwa 8.9. Hizo huingia kwenye karatasi ya plastiki yenye mifuko tisa, kwa hiyo kadi 27 ni karatasi tatu kamili. Za 1952 hadi 1956 ni kubwa zaidi, sentimita 6.7 kwa 9.5, na zinahitaji karatasi ya mifuko minane. Ukizishindilia kwenye mifuko tisa, pembe zinakwenda. Miaka yote kwa pamoja ni karatasi kama 225, yaani mafaili makubwa matatu.

*Yanayoharibika.* Faili lenye pete za duara huziminya kadi za karibu na uti wake na kuziachia alama ya mviringo. Nunua lenye pete za umbo la D. Karatasi laini za plastiki zinazonuka kama pazia jipya la bafuni zina PVC, na kemikali yake huvuja taratibu ikagandia uso wa kadi. Loti zinazotoka kwenye mafaili ya miaka ya 1980 zitoe humo siku hiyohiyo. Pakiti za zamani zilikuwa na bablishi hadi 1991, na kadi iliyolala juu yake hubaki na doa la kahawia lisilotoka. Usisugue.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, anayependa kuona sura ya timu ikibadilika mwaka hadi mwaka: kofia nyeusi zenye mistari za 1979, wazee wakiondoka, chipukizi wakipanda. Asiyevumilia kadi za wachezaji asiowajua ataichoka njia hii kabla ya kumaliza muongo mmoja.

Njia ya pili: mchezaji mmoja

*Orodha.* Hapa kila kitu hutegemea mchezaji aliishi zama zipi. Mchukue Roberto Clemente. Kuanzia 1955 hadi 1973 Topps walimtolea kadi ya kawaida kila mwaka: kadi 19, basi. Ya kwanza ni namba 164 ya 1955, ya mwisho ni namba 50 ya 1973, iliyotoka baada ya kifo chake. Alifariki tarehe 31 Desemba 1972 ndege aliyoipakia misaada ya waathirika wa tetemeko la Nikaragua ilipoanguka baharini Puerto Rico, akiwa amemaliza msimu na mapigo salama 3,000 kamili. Ukizipanga 19 hizo utaona jambo jingine: kwa zaidi ya muongo Topps walimwandika "Bob", jina ambalo hakulipenda, kisha kuanzia 1970 likarudi "Roberto". Kadi chache hizo zinasema mengi juu ya jinsi Marekani ilivyompokea Mpuertoriko mweusi.

Ukitaka kupanua, ongeza kadi ya kampuni ya Fleer ya 1963, namba 56, na ile ya pili ya Topps ya 1972, namba 310, inayomwonyesha uwanjani. Bado ni orodha inayoingia kwenye kipande kimoja cha karatasi.

Sasa mchukue McCutchen. Aliingia ligi kuu na Pirates 2009, akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa 2013, akauzwa baada ya msimu wa 2017, akarudi 2023. Kwa mwaka mmoja tu, kadi ileile yenye picha ileile hutoka ikiwa na fremu ya dhahabu, ya buluu, ya machungwa, nyekundu. Nyingine zimepigwa namba 1 hadi 99, nyingine 1 hadi 5, na moja ni ya pekee duniani. Hakuna atakayezikusanya zote. Kwa hiyo mkusanyaji wa mchezaji wa sasa lazima ajichoree mpaka mwenyewe, na mipaka inayovumilika ni mitatu: kadi ya kawaida ya seti kubwa ya Topps kila mwaka, au kadi zenye jezi ya Pirates tu, ukiacha za Giants, Yankees, Phillies na Brewers, au kadi moja ya kila aina ya seti, rangi yoyote ile.

Angalia pia tofauti kati ya kadi za Bowman za kabla ya ligi kuu na kadi ya mwanzo yenyewe. McCutchen yumo kwenye Bowman ya 2005, lakini kadi zake za mwanzo ni za 2009. Skenes yumo kwenye Bowman Draft ya 2023, na kadi zenye RC ni za 2024. Wauzaji huziita zote "za mwanzo".

*Fedha.* Zinauma mahali pamoja. Kwa Clemente, kadi kumi na kitu kati ya 19 zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida zikiwa zimechakaa. Ya 1955 peke yake inaweza kushinda nyingine zote kwa jumla, na huanzia mamia ya dola hata ikiwa na mikunjo. Kwa wachezaji wa sasa kadi ya kawaida ni senti, na ile adimu haina dari: kadi ya pekee ya Skenes yenye saini na kiraka cha jezi ya mechi yake ya kwanza iliuzwa dola milioni 1.11 mwezi Machi 2025. Iweke nje ya orodha yako tangu mwanzo.

*Upatikanaji.* Kwa Clemente kadi ziko sokoni kila siku. Unachotafuta ni hali inayolingana na mfuko. Shauri letu ni kuchagua daraja moja, tuseme 3 hadi 4, na kubaki nalo kwa kadi zote 19. Ukurasa wenye kadi moja inayong'aa katikati ya zilizochakaa haupendezi, na kila mara utajaribiwa kuzibadilisha zile nyingine.

*Uhifadhi.* Mwepesi. Kila kadi ndani ya kifuko laini, kisha ndani ya kifuko kigumu. Kipimo cha kawaida hutosha kadi za zamani na za kawaida za sasa. Kadi yenye kiraka cha jezi ni nene na inahitaji kifuko kinene zaidi. Ukiisukuma kwenye cha kawaida, kingo zitachubuka.

*Yanayoharibika.* Clemente ana fremu mbili zinazojulikana kwa udhaifu. Ya 1962 ina rangi ya mbao inayobanduka pembeni, na ya 1971 ni nyeusi, kila mguso huacha doa jeupe. Kwa hiyo watu huzipaka kalamu. Igeuze kadi uitazame kwa ukingo chini ya mwanga mkali: wino wa kalamu huingia kwenye unene wa karatasi, wino wa kiwandani hubaki usoni. Kingo zilizokatwa upya ili zionekane kali nazo ni za kawaida, kwa hiyo pima kadi kwa rula. Ikipungua hata milimita moja, kuwa na shaka.

Nakala ni tatizo kubwa zaidi, hasa ya 1955. Topps wenyewe wamechapa upya kadi za Clemente kwa uhalali, zikiwa zimeandikwa nyuma kwamba ni marudio, na kuna wanaokwangua maandishi hayo. Chukua kioo cha kukuzia mara 10. Kwenye kadi halisi picha ni vitone, ila herufi nyeusi za jina ni wino mzito usiovunjika. Kwenye nakala iliyotokana na picha ya kadi, herufi nazo ni vitone. Kwa kadi ya mamia ya dola, nunua iliyokwisha kufungiwa kwenye kasha la kampuni inayoaminika, na uhakiki namba ya kasha kwenye tovuti yao kabla ya kulipa, kwa kuwa makasha nayo huigizwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye shujaa mmoja moyoni. Pia mwenye nafasi ndogo ya kuhifadhi na anayeweza kuweka akiba miezi sita bila kununua kitu.

Njia ya tatu: kadi moja kwa kila aliyevaa jezi

Hii ndiyo njia yenye elimu nyingi kuliko zote, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu.

*Orodha.* Majina ni zaidi ya 1,500, na huongezeka kila msimu kila mchezaji mpya anapoitwa. Orodha kamili ya waliochezea Pirates ipo kwenye tovuti ya Baseball-Reference, bure. Ipakue, iweke kwenye jedwali lenye safu tano: jina, mwaka wa kwanza na Pirates, mwaka wa mwisho, kadi uliyoichagua, na kama umeipata. Swali linaloamua ukubwa wa kazi ni moja: lazima kadi imwonyeshe akiwa na Pirates, au kadi yake yoyote inatosha?

Ukisema lazima awe na Pirates, utakwama kwa watu wakubwa kabisa. Hank Greenberg alimalizia maisha yake ya besiboli Pittsburgh msimu wa 1947 pekee, na mwaka huo hapakuwa na seti kubwa ya kitaifa. Kadi zake zinazojulikana ni za Detroit Tigers. Miaka ya vita na iliyofuata, 1942 hadi 1947, ni jangwa kwa jumla, maana karatasi ilikuwa haba na uchapaji wa kadi ulisimama. Tumaini la miaka hiyo ni seti za kumbukumbu za kampuni ya TCMA, zilizochapwa miaka ya 1970 na 1980 zikiwa na picha za wachezaji wa kale. Purukushani ya kuzitafuta ni kubwa, bei yake si kubwa. Kanuni tunayoipendekeza ni ya ngazi tatu: kwanza kadi ya enzi yake akiwa na Pirates, ikikosekana, kadi ya kumbukumbu akiwa na Pirates, ikikosekana, kadi ya enzi yake na timu yoyote. Asiye na hata moja, weka karatasi tupu yenye jina lake.

*Fedha.* Hapa ndipo watu huogopa bure, kwa sababu ya Honus Wagner. Kadi yake ya T206, iliyotoka kwenye pakiti za sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, na zinazojulikana hazizidi dazeni chache. Lakini njia hii inadai Wagner mmoja tu, wala haisemi yupi. Alirudi Pirates kuwa kocha kuanzia 1933, na kwa sababu hiyo ana kadi katika Play Ball ya 1940 na Leaf ya 1948 akiwa hai na jezi mwilini. Hizo bado ni ghali, ila ni za mtu anayeweka akiba. Fleer ya 1960 ya magwiji wa kale ni nafuu kabisa. Wenzake wa timu ya mabingwa ya 1909, kama Fred Clarke, Tommy Leach na George Gibson, wamo kwenye T206 ileile, na zilizochakaa zao hununulika bila kuuza shamba. Pie Traynor na Paul Waner watafute kwenye Goudey ya 1933.

Wengine, mamia kwa mamia, ni kadi za chini ya dola moja. Kinacholiwa ni nauli. Ndiyo maana duka la mtandaoni la COMC linafaa sana hapa: unanunua kadi moja moja kwa wauzaji tofauti, zinahifadhiwa ghalani kwao, kisha unaomba zote zisafirishwe mara moja.

*Upatikanaji.* Mrushaji aliyecheza wiki mbili mwaka 1991 kadi yake inaweza kuwa ngumu kuliko ya Stargell, kwa sababu hakuna muuzaji anayejisumbua kuiorodhesha. Dawa ni seti za timu za ligi za chini. Altoona, Indianapolis, Greensboro na Bradenton, ambako chipukizi wa Pirates hulelewa, huwa na seti zao zinazouzwa uwanjani, na wengi ambao hawakupata kadi ya ligi kuu wanapatikana humo.

Na hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki ana la kwake. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na jezi ya Pirates, mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga pigo salama dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Kwa njia ya seti za timu, Ngoepe ni alama ndogo pembeni. Kwa njia hii ya tatu ana mfuko wake kamili, sawa na Clemente. Nyuma yake yuko David Matoma, mrushaji kutoka Uganda aliyesajiliwa na Pirates na kuanzia ligi za chini. Mtu wa kumfuatilia aanzie kwenye seti za ligi hizo.

*Uhifadhi.* Vipimo vimechanganyika: T206 ni sentimita 3.7 kwa 6.7, ndogo kuliko kadi ya kucheza karata, na za Topps ya 1952 ni kubwa kuliko mfuko wa kawaida. Faili litakusumbua. Tumia sanduku refu la kadibodi, kila kadi ndani ya kifuko kigumu cha kipimo kimoja, na ndogo zitangulie kuvishwa kifuko laini chao. Panga kwa mwaka wa kwanza na Pirates badala ya alfabeti; mchezaji mpya ataingia nyuma, hutahamisha kitu.

*Yanayoharibika.* Makosa ya majina. Kuna wachezaji wawili wenye jina moja katika zama tofauti, na kuna wanaouzwa katikati ya msimu ambao kadi ya mwaka unaofuata huwaonyesha kwenye timu waliyohamia. Linganisha mwaka wa kuzaliwa ulioko nyuma ya kadi na jedwali lako. Kwa kadi za kabla ya Vita Kuu ya Pili kuna kipimo cha ziada: taa ya urujuanimno. Karatasi ya kisasa ina kemikali ya weupe inayong'aa buluu chini ya taa hiyo, ya wakati ule haina.

*Inamfaa nani.* Mpenda historia, anayefurahia kuchimba. Haimfai anayetaka kumaliza, kwa kuwa kila msimu unaongeza majina.

Njia ya nne: saini

Tutapita haraka, kwa sababu wengi huianza wakiwa na mojawapo ya tatu za mwanzo. Orodha haina mwisho wa wazi, na waliofariki wamefunga mlango: Wagner 1955, Clemente 1972, Stargell 2001. Saini zao ni ghali na huigizwa sana, kwa hiyo usinunue bila uthibitisho wa PSA, JSA au Beckett.

Kwa walio hai kuna namna mbili. Ya kwanza ni kadi zilizotiwa saini kwa mkataba na Topps; pendelea saini iliyoandikwa juu ya kadi yenyewe kuliko kwenye kibandiko kilichogandishwa. Ya pili ni kumtumia mchezaji kadi kwa posta, pamoja na barua fupi na bahasha ya kurudishia yenye stempu. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, bahasha hiyo inahitaji stempu ya Marekani ya barua za nje, maana ndiko itakakotumwa kutoka. Usitume kadi unayoogopa kuipoteza. Kadi yenye mng'ao hukataa wino. Ipake poda ya mtoto kidogo, uifute kwa pamba, au tuma ya Topps Heritage ambayo uso wake haung'ai. Inamfaa mtu asiye na haraka na anayependa mguso wa mkono wa mchezaji kuliko ukamilifu.

Kwa hali yako

Umerithi au umenunua sanduku la kadi za 1986 hadi 1992: zitoe za Pirates, uanze njia ya kwanza. Miaka sita au saba itakuwa karibu kukamilika kwa bei ya soda, na utajua kama kazi hiyo unaipenda kabla ya kugusa miaka ghali.

Una kiasi kidogo kila mwezi na hutaki kungoja: njia ya tatu, kadi kumi kwa mwezi kupitia ghala moja, usafiri mara mbili kwa mwaka. Unaweza kungoja: Clemente, kadi mbili au tatu kwa mwaka, ukianza na za miaka ya 1960 katikati na kuiweka akiba ya 1955 pembeni.

Unamfuata Skenes au chipukizi mwingine: kadi ya kawaida ya kila mwaka, ununue moja moja. Kuchana pakiti ni burudani ya kulipia, na haifai kuhesabiwa kama njia ya kumpata mchezaji fulani.

Unaishi pwani, iwe Mombasa, Tanga au Zanzibar: kadi nyepesi za kung'aa kama Topps Chrome hujikunja kwa unyevu. Ziweke kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, mbali na ukuta wa nje, na upendelee njia yenye kadi chache. Karatasi 225 za plastiki zikishika ukungu ni msiba. Kadi 19 unazikagua kwa dakika kumi.

Huna uhakika na lolote kati ya haya: nunua karatasi moja ya mifuko tisa. Tarehe 1 Septemba 1971 meneja Danny Murtaugh aliwapanga wachezaji tisa, wote Wamarekani weusi au Walatino weusi, kikosi cha kwanza cha namna hiyo katika ligi kuu. Walikuwa Rennie Stennett, Gene Clines, Clemente, Stargell, Manny Sanguillén, Dave Cash, Al Oliver, Jackie Hernández na mrushaji Dock Ellis. Wote tisa wana kadi katika Topps ya 1972, na ya Clemente ndiyo ghali kuliko zote. Zipange kwa mpangilio wa kupiga siku ile, Stennett juu kushoto, Ellis chini kulia.